Muulize Mjomba: Nalala kwenye mahindi, naambiwa niko Washington

SWALI: Shikamoo Mjomba. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa Charles Town, West Virginia. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mahindi, na alfajiri naamshwa na ng'ombe wa jirani. Nafanya kazi nyumba ya wazee kule Leesburg. Juzi nilikuwa natafuta takwimu za mishahara ya wasaidizi wa wauguzi, nikachagua kaunti yangu ya Jefferson, nikaletewa "Washington-Arlington-Alexandria". Nikarudia, yale yale. Dada yangu yuko Martinsburg, nusu saa tu kwa gari, naye kaandikwa Hagerstown, mji wa Maryland! Washington yenyewe sijaikanyaga tangu mwaka jana. Nani katugawa hivi, na kwa kipimo gani?
Msomaji, Charles Town

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Aliyewagawa ni Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya Ikulu ya Marekani, na kipimo chake si mahindi wala ng'ombe. Inataka kujua watu wanalala wapi na wanashinda wapi kazini.

Mimi hili nililiona kwa macho kabla ya kulisoma. Miaka mitatu nilipanda treni ya MARC pale Duffields, kituo kidogo katika kaunti hiyo hiyo yako. Giza bado, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, hakuna anayemsemesha mwenzake. Harpers Ferry tunapakia wengine, tunavuka mto Potomac, tunaingia handakini, na tukifika Brunswick viti vinaanza kugombewa. Mwendo wa karibu saa mbili, tunamwagwa Union Station, kituo kikuu cha Washington. Ukituhesabu usiku, sisi ni watu wa West Virginia. Njoo utuhesabu saa nne asubuhi, hutukuti. Nyumbani tunawajua watu wa namna hii: analala Kibaha, anashinda Kariakoo, na ukimuuliza ni wa wapi anakutazama kwanza.

Sasa hesabu. Kwanza wanatafuta kiini, yaani eneo la mji, hata likivuka mipaka ya manispaa, lenye watu 50,000 au zaidi. Kaunti zilizobeba kiini hicho ndizo kaunti za kati. Kisha wanazipima kaunti za jirani moja moja. Katika kila wafanyakazi 100 wanaolala Jefferson, wakifika 25 wanaokwenda kazini kwenye kaunti za kati, Jefferson inaingia katika eneo la kiini hicho. Inaweza kuingia pia kwa mlango wa pili: robo ya kazi zilizoko Jefferson zikishikwa na watu wanaotoka huko kati. Takwimu hutoka kwenye utafiti wa Ofisi ya Sensa uitwao American Community Survey, unaouliza wiki iliyopita ulifanyia kazi wapi.

Nimesema kaunti za kati, si Jiji la Washington peke yake. Loudoun imo, na Leesburg iko Loudoun. Kwa hiyo wewe unayeshika barabara namba 9 kila asubuhi kwenda kuwaogesha wazee, ndiwe mmoja wa walioivuta Jefferson mpaka Washington. Huna haja ya kuiona Ikulu.

Mahindi nayo? Kaunti haikatwi vipande kama muwa, inaingia nzima, na mashamba yake na ng'ombe wake. Ofisi yenyewe hutahadharisha kwamba mistari hii haitenganishi mji na shamba, ila wanaoitumia husahau.

Dada yako yuko kaunti ya Berkeley. Martinsburg na Hagerstown wana kiini chao, wakaunganishwa. Ila juu ya maeneo hayo kuna mkusanyo mkubwa zaidi, wa maeneo yanayobadilishana wafanyakazi, na kizingiti chake ni pointi 15 tu, ukijumlisha asilimia ya wanaokwenda na ya wanaokuja. Humo mnakutana wote, ndani ya Washington-Baltimore-Arlington. Asidharau: karani wa serikali kuu anayefanya kazi Martinsburg hulipwa nyongeza ya mshahara ya eneo la Washington, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 33.94 ya mshahara wa msingi. Mwenzake aliye sehemu isiyo na eneo lake maalumu alipata 17.06.

Kinachonikera mimi ni kimoja. Mwenye kazi mbili anaulizwa ile aliyoifanya zaidi tu. Wengi wetu tuna kibarua cha pili. Mimi mwisho wa wiki nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja huko Frederick, na safari zile zote hazimo popote. Anayefanyia kazi nyumbani naye huhesabiwa pale pale anapolala. Mistari iliyotangazwa Julai 2023 ilitumia takwimu za 2016 hadi 2020, kwa hiyo wengi wa waliohamia kompyuta za jikoni baada ya hapo bado wanahesabiwa kama wanaovuka kaunti kwenda kazini.

Mwezi uliopita nilipita Duffields asubuhi ya Jumanne kumshusha mpwa wangu. Zamani ukichelewa dakika tano ulikosa pa kuegesha. Safari hii nilihesabu magari kumi na manne, na mawili yalikuwa na majani makavu juu ya kioo.