Kichwa cha habari kikikwama, tafuta kwanza kimekwamia wapi

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo: makala zako ishirini hazifunguliwi, na zile unazompelekea mhariri zinatoka na kichwa kingine kabisa. Halafu ukauliza kama kuandika vichwa ni kipaji. Siyo kipaji. Ni kazi ya kujifunza, na sehemu kubwa yake ni sarufi na kupunguza maneno. Ila usiguse neno lolote kabla hujajua tatizo liko wapi, maana watu husema "kichwa kimefeli" kwa mambo matatu yasiyofanana.

Angalia takwimu za kila makala: imeonekana mara ngapi, imefunguliwa mara ngapi, na msomaji amekaa muda gani. Makala iliyoonekana mara 40 na kufunguliwa mara 2 haina ushahidi wowote dhidi ya kichwa. Haikusambaa tu, na hata ukiandika kichwa upya mara kumi hutaona tofauti. Iliyoonekana mara 2,000 na kufunguliwa mara 10, hapo ndipo kichwa kinashtakiwa, pamoja na picha kama ipo. Na iliyofunguliwa mara 300 huku wasomaji wakitoka baada ya sekunde kumi, kichwa chake kimeahidi kitu ambacho makala haina. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, na wengi huiona kama ushindi kwa sababu namba ya kufunguliwa ni kubwa. Usilinganishe pia makala iliyopatikana kwa kutafutwa na ile iliyopita tu kwenye ukurasa wa mtandao wa kijamii. Anayetafuta tayari ana shida mkononi. Yule mwingine unamkatiza safari.

Kuhusu mhariri: hiyo ni shule ya bure, usiiache ipotee. Fungua daftari, chora safu mbili, kushoto kichwa chako na kulia cha kwake. Chini yake andika ni aya ya ngapi ya makala yako iliyompa kile alichokiweka juu. Ukifikisha jozi thelathini utaona mtindo unajirudia, na mara nyingi mtindo wenyewe ni huu: wewe umetaja mada, yeye ameshuka hadi aya ya nne au ya tano, akakuta jambo lenyewe limejificha huko, akalipandisha. Maana yake ni kwamba kasoro haikuanzia kwenye kichwa. Mwandishi alikuwa hajaamua habari yake inasema nini.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu kichwa kabisa. Maliza makala, ifunike, kisha andika sentensi moja yenye kitenzi inayojibu swali "kuna nini humu?" kama vile unamwambia mtu aliyesimama mlangoni na anaondoka. Ikikushinda, rudi kwenye makala. "Umuhimu wa kutunza betri ya simu" si jibu, hapo hakuna kitenzi kinachofanya lolote. "Joto ndilo linaloua betri ya simu yako" ni jibu, na lina herufi 38 tu pamoja na nafasi. Vichwa vinavyoanza na Umuhimu wa, Fahamu, Ijue, Athari za, Nafasi ya... vilifaa kwa insha za darasani ambako mwalimu alilazimika kusoma. Msomaji wa kawaida halazimiki.

Chukua mfano mmoja tuufanyie kazi hadi mwisho. Makala inahusu baiskeli. Kichwa cha kwanza: "Fahamu umuhimu wa kufanya matengenezo ya mara kwa mara ya mnyororo wa baiskeli". Hizo ni herufi 78. Matokeo ya utafutaji ya Google hukata kichwa kwa upana, takriban pikseli 600, ambazo ni kama herufi 50 hadi 60. Kikikatwa kwenye 60, msomaji anaona "Fahamu umuhimu wa kufanya matengenezo ya mara kwa mara ya mn…" Baiskeli haimo. Mnyororo haumo. Maneno yote yaliyosalia yanaweza kuhusu jenereta, paa au ndoa.

Sasa punguza. "Kufanya matengenezo" ni kutunza. "Mara kwa mara" halina kipimo, litupe. "Fahamu umuhimu wa" litupe bila kulia. Na "mnyororo"? Kiswahili sanifu kabisa, lakini mwenye baiskeli anasema cheni, na akitafuta anaandika cheni. Tumia neno lililoko mdomoni mwake. Kisha ingia ndani ya makala utafute kitu kinachoshikika. Huko kwenye aya ya sita kuna maelezo kwamba cheni ikivutika huanza kula meno ya gia, na kwamba unaweza kuipima kwa rula: pingili 12 kamili (kila moja ni jozi ya kipande cha ndani na cha nje) zinapaswa kuwa na urefu wa inchi 12, zikizidi kwa kama milimita 1.5 cheni imefikia kubadilishwa. Kumbe hapo ndipo penye habari. "Cheni iliyovutika hula meno ya gia za baiskeli": herufi 46, na nomino ya kutafutwa iko mwanzoni kabisa.

Usisimame hapo hata kama kimekupendeza. Andika vichwa kumi na tano kwa makala moja, ndani ya dakika kama ishirini, bila kufuta. Vitano vya kwanza ni vile ambavyo kila mtu angeviandika. Kuanzia cha sita hadi cha kumi utakuwa unabadilisha maneno tu, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakidhani wameishiwa. Baada ya hapo akili hulazimika kubadili upande wa kutazama: kutoka kwenye kitu kwenda kwenye dalili ("Gia za baiskeli zinaruka? Pima cheni kwanza"), kwenda kwenye kifaa ("Rula tu inatosha kupima cheni ya baiskeli"), kwenda kwenye kipimo ("Milimita 1.5 zinazotosha kuharibu gia zako"). Hicho cha mwisho kinavutia lakini hakitaji baiskeli, basi kitafaa chini ya picha na hakitafaa kwenye utafutaji. Programu nyingi za kuchapishia zinakuruhusu kuweka kichwa kimoja cha ukurasa na kingine cha matokeo ya utafutaji. Tumia nafasi zote mbili.

Sasa Kiswahili chenyewe, maana ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umetungwa kwa lugha nyingine na hausemi lolote kuhusu mitego yetu.

Habari motomoto huchukua kiambishi -a- cha wakati: "Meli yazama", "Bei yapanda", "Wafanyakazi wagoma". Kinaleta tukio mbele ya macho, na ni kifupi kuliko "imezama" au "wamegoma". Lakini kwenye makala ya maelekezo kinachekesha. "Cheni yala meno ya gia" inasomeka kama imetokea jana na polisi wanachunguza. Jambo la siku zote lipe hu-: "hula", "huua", "huchakaa". Maelekezo yape amri: "Pima", "Usiache". Kuchanganya hizi tatu ni kosa la wanaoanza ambalo halitajwi sana, ila sikio hulikamata mara moja.

Mtego mkubwa kuliko yote ni "na" baada ya kitenzi cha kutendwa. "Kocha afukuzwa na wachezaji": wachezaji ndio wamemfukuza, au nao wamefukuzwa pamoja naye? Huwezi kujua, na wasomaji nusu watafungua wakitegemea habari nyingine kabisa. Kama wachezaji ndio watendaji, rudisha kauli ya kutenda: "Wachezaji wamfukuza kocha". Kama wote wameondoka, weka mkato: "Kocha, wachezaji wafukuzwa".

Unaofuata ni kirejeshi. "Mtoto wa mwalimu aliyefariki apewa tuzo". Nani amefariki? Mtoto na mwalimu wote ni ngeli moja, kwa hiyo "aliye-" inaweza kumrukia yeyote. Ingekuwa "Gari la mwalimu lililoibwa" hapangekuwa na utata, ngeli ingetusaidia. Watu wawili wakikaa jirani, vunja sentensi: "Mwalimu afariki, mwanawe apewa tuzo", kama mambo hayo mawili yamefuatana kweli. Ndugu yake ni -ki-: "Mlinzi amkamata mwizi akikimbia". Anayekimbia hapo ni nani? Wenye magazeti wameshachekwa sana kwa vichwa vya namna hii, na kicheko cha msomaji hakirudi nyuma.

Kiswahili pia kinakuruhusu kuanza na kitenzi bila mtendaji, "Auawa akidai deni", kwa sababu a- tayari imembeba mtu. Kina nguvu pale ambapo tukio ni kubwa kuliko mhusika. Kama jina la mhusika ndilo habari, umelificha. Na tafadhali, ni auawa, wauawa, siyo "auwawa". Kosa la tahajia ndani ya aya husamehewa, kwenye kichwa linasomwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna na mlolongo wa -a unganifu: "Mkutano wa wajumbe wa kamati ya maandalizi ya sherehe ya mwaka". Zikizidi mbili, kitenzi kinasukumwa hadi mwisho au hakipo kabisa. Soma kichwa kwa sauti, kwa pumzi moja. Mahali ulimi unapotafuta pa kupumzika ndipo pa kukata.

Kuhusu vichwa vya chambo, "Hutaamini alichokifanya" na wenzake: vinachosha kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani George Loewenstein alieleza udadisi kuwa ni pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua. Pengo halionekani mpaka ushikwe mkono kwa kitu fulani unachokijua tayari. "Hutaamini" haitoi pa kushika, ni shimo tupu. "Gia zinaruka? Pima cheni kwanza" inatoa dalili na inaelekeza mahali, msomaji anabaki na swali moja dogo: napimaje? Hilo ndilo la kumwachia. Jibu likiwa neno moja tu, liweke kwenye kichwa umalize. Usimburuze mtu aya nane kwa ajili ya tarehe.

Swali linaloanza na "Je," litilie shaka zaidi. Mwandishi wa habari za teknolojia wa Uingereza, Ian Betteridge, aliandika mwaka 2009 kwamba kichwa chochote kinachoishia na alama ya kuuliza kinaweza kujibiwa "hapana". Kanuni hiyo ina utani ndani yake, ila jaribio lake ni zuri: jibu "hapana" kwa kichwa chako, kisha uone kama kuna makala iliyobaki. "Kwa nini" na "vipi" hazimo kwenye lawama hii kwa kuwa hazijibiki hivyo.

Kichwa kisijue zaidi ya makala. Mfano unaofundishwa kila mahali ni Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948, lililotangaza kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Mgomo wa wachapaji ulikuwa umelilazimisha gazeti kwenda mitamboni mapema kuliko kawaida, kura hazijaisha kuhesabiwa, na Truman akashinda. Kwako wewe kosa hilo huja kwa udogo: makala inasema "huenda", kichwa kinasema "ndiyo". Pitia kila kitenzi cha kichwa ukitafute kwenye makala kikiwa na nguvu ileile.

Ukiwa na mbili tatu nzuri, mwonyeshe mtu ambaye hajasoma makala, kwa sekunde tatu, kisha funika umuulize anategemea kukuta nini humo. Usimuulize kama kimempendeza, atakudanganya kwa adabu. Majaribio ya kuonyesha nusu ya wasomaji kichwa A na nusu kichwa B yanahitaji wasomaji wengi kuliko watu wanavyodhani. Wasomaji 200 kwa kila kimoja, kimoja kikafunguliwa mara 8 na kingine mara 12: hiyo ni bahati tu, usijenge kanuni juu yake. Kutofautisha kwa uhakika asilimia 4 na asilimia 6 kunahitaji karibu watu 1,900 kwa kila toleo. Kama huna idadi hiyo, jaribio la sekunde tatu litakufaa zaidi kuliko takwimu.

Na zile ishirini zilizokwama usizifute. Chagua zilizoonekana mara nyingi bila kufunguliwa, ziandikie vichwa upya kwa utaratibu huu, na uache anwani ya ukurasa kama ilivyo, la sivyo viungo vya zamani vitakufa na utaanza kuonekana upya kutoka sifuri. Andika tarehe uliyobadilisha. Kama ulibadilisha kwa sababu kichwa cha kwanza kilikuwa na kosa la ukweli, weka mstari mmoja chini ya makala unaosema hivyo.

Ukitaka, weka hapa vitano kati ya hivyo ishirini, kila kimoja na aya yake ya kwanza. Bila aya hatuwezi kujua kama kilichokwama ni kichwa au ni habari.