Udongo wa Ruzizi sio wa Walungu, acheni kumwaga majivu

SWALI: Jambo agronomu. Niko Bukavu, nimekodi shamba ya mpunga kule Kiliba, ndani ya tambarare ya Ruzizi, mfereji inapita karibu. Kuko sehemu udongo inatoa kitu cheupe juu kama chumvi, na mpunga inakauka kwenye ncha za majani. Muuza mbolea ananiambia nimwage majivu na chokaa. Nianze na gunia ngapi?

JIBU: Hata moja usiweke, ndugu. Hii hadithi ya majivu naisikia kila msimu na imenichosha kabisa, mtu anachukua dawa ya Walungu anaishusha Ruzizi. Kule juu milimani, Walungu na Kabare, mvua ni mingi, inaosha udongo mpaka inakuwa na asidi, njo maana majivu ya jikoni inasaidia maharagi ya mama. Lakini toka Ziwa Kivu, mita kama 1,460, mpaka pwani ya Tanganyika, kama 770, umeingia nchi ingine: joto, mvua kidogo, jua inavuta maji juu na chumvi inabaki hapo. Udongo ya vile mara nyingi iko na alkali tayari, ni kinyume cha asidi, na majivu nayo ni alkali, sasa unatibu nini?

Shida yako ni maji kuingia bila kutoka. Watu wote wanachimba mfereji ya kuleta, ya kutoa hakuna. Chimba shimo ya kufika kiuno hapo peupe, ukikuta maji karibu, anza na mifereji ya kutoa, kisha jaza shamba maji na uimwage, urudilie mara kadhaa mbele ya kupanda. Miche ipande ikiwa imekomaa kidogo, ile midogo sana chumvi inaiua haraka. Tena tia bonge la udongo mkavu ndani ya glasi ya maji ya mvua: likiyeyuka na maji ikabaki chafu mpaka kesho yake, inawezekana ni sodiamu, ile ya chumvi inayovunja udongo, hapo tutaongea jasi, madini ya kuondoa sodiamu, lakini kisha maabara kupima, sio kwa macho ya muuzaji.

Na wale wanawauzia "dawa ya chumvi" ndani ya chupa, kimbieni. Chumvi inatoka na maji, basi. Nanyi watu wa Bukavu munaopenda kununua shamba huku kwa sababu ya tambarare na ziwa, munaletwa mwezi wa nne kila kitu kijani, mvua imeshaficha chumvi chini. Njooni mwezi wa nane. Na muulize majirani maji ya ziwa ilifika wapi miaka hii Tanganyika ilipanda na kuingia manyumba za Uvira.