Maswali na Majibu: Chapa za Mbao za Japani

Nimenunua "Wimbi Kubwa" la Hokusai, msanii wa Japani, picha inayochapwa kwa ubao uliochongwa. Natuma picha yake. Ni halisi?

Picha ya upande wa mbele peke yake haitoshi, na kila mara tunaombwa hukumu kwa picha ya namna hiyo. Geuza karatasi. Chapa iliyopigwa kwa mkono huonyesha rangi iliyopenya hadi nyuma, pamoja na alama za kusugua za bareni, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi ambacho mchapaji hukandamizia karatasi juu ya ubao. Halafu shika lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vinukta vilivyojipanga, hiyo ni kazi ya mashine, cheti kiwepo kisiwepo. Pima: saizi ya oban, yaani karatasi ya chapa kama hii, ni takriban sentimita 25 kwa 37.

Ikipita yote hayo, bado inaweza kuwa imetoka kwenye mbao zilizochongwa upya miaka mingi baada ya Hokusai. Hapo linganisha mstari kwa mstari na nakala ya makumbusho. Chapa za namna hiyo ni nzuri kutundika ukutani, lakini kuziuza kama chapa za kwanza za mwaka 1831 hivi ni wizi. Usilipe kabla mjuzi hajaishika mkononi.

Kwa nini "Mitazamo 36 ya Mlima Fuji", mfululizo wa Hokusai, ina picha 46?

Ilipendwa, mchapishaji akaongeza 10.

Zambarau ya kimono kwenye chapa yangu imegeuka kahawia. Niisafishe kwa kitu gani?

Usiiguse. Rangi hiyo haikuchafuka, imeliwa na mwanga, na hairudi. Maji nayo yataondoa buluu iliyotengenezwa kwa maua ambayo imebaki. Buluu ya Prussia, rangi ya kemikali, ndiyo inayostahimili, ndiyo maana anga katika chapa za msanii Hiroshige bado zinang'aa. Mwanga usizidi lux 50 (kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache tu, kisha chapa ipumzike gizani. Na tafadhali, msibandike tepu nyuma! Gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.

Ninapochapa, rangi ya tatu haikai mahali pake. Nichonge upya kento, zile alama za ubaoni za kuelekeza karatasi ikae mahali pake?

Hapana, kama rangi mbili za kwanza zilikaa sawa. Karatasi yako imekauka, ikasinyaa. Ilowanishe siku moja kabla, ifunge kwenye plastiki unyevu uenee, na uirudishe humo kati ya rangi na rangi. Unapoilaza, kona iingie kwenye kento ya kona kwanza, ndipo ukingo ufuate kento ya pili.