Kwa nini anga hutoka jeupe: kupiga na kuhariri picha ya jua likizama Dodoma

Ndugu uliyeuliza kwa nini picha zako za jiji la Dodoma jua linapozama hutoka na anga jeupe, na kwa nini ukizihariri kwenye simu majengo huzungukwa na ukingo mweupe, nakujibu kwa namna ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza ifahamu hewa ya hapa. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna, na vumbi linalopeperuka lina chembe kubwa zinazotawanya rangi zote za mwanga karibu sawasawa. Ndiyo maana jua hushuka likiwa duara la manjano iliyofifia. Wekundu mkali hupatikana zaidi Desemba, mvua ikishaosha hewa na mawingu yakabaki juu kupokea mwanga.

Simama mahali pa mwinuko, mashariki ya katikati ya jiji, na ukumbuke kwamba jua halizami sehemu ileile mwaka mzima: Juni huzama takriban nyuzi 23 kaskazini ya magharibi, Desemba kiasi hichohicho kusini. Mnara wa Msikiti wa Gaddafi uliosimama mbele ya jua leo utakuwa kando yake wiki chache zijazo. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, na kwa kuwa tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, hushuka karibu wima. Baada ya hapo una dakika zipatazo 20 za nuru inayofaa. Kabla ya kuelekeza lenzi kwenye majengo ya Serikali, omba ruhusa.

Sasa anga jeupe. Tofauti ya mwanga kati ya anga na ukuta unaokutazama ni kubwa mno kwa picha moja, kwa hiyo pima mwanga kwa anga. Kwenye simu, gusa skrini karibu na jua, shikilia mpaka kipimo kifungwe, kisha teremsha mwanga hadi rangi zionekane. Majengo yenye giza unaweza kuyainua baadaye, lakini anga lililoungua halirudi, kwani hakuna kilichohifadhiwa hapo. Tumia faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaibana wala kuichakata) ikiwa simu yako inaruhusu: JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, ina ngazi 256 tu za kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384, na ukivuta rangi za anga kwenye JPEG utaona zikikatika mistari mistari.

Ukingo mweupe hutokana na kupandisha vivuli na ukali kupita kiasi. Anza na mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoamua picha iwe na umanjano au ubuluu kiasi gani: kamera ikijichagulia huupoza umanjano wa jioni, hivyo iweke kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 hivi, ndipo uinue vivuli kidogo kidogo. Kitelezi cha kuondoa ukungu mimi sikigusi picha za kiangazi, kwa maana lile vumbi ndilo linaloonyesha umbali kati ya paa na paa, na ukilifuta unabaki na mji usio wa Dodoma.

Jaribio ninalokushauri ni kupiga picha mbili bila kusogeza kamera, moja jua likigusa upeo na nyingine taa zikishawaka, uzipange kama matabaka, moja juu ya nyingine, katika GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, kisha ufichue taa za picha ya pili kwa brashi laini. Upepo wa Julai na Agosti hutikisa tripodi, basi ning'iniza begi katikati yake na utumie kichelewesha cha sekunde 2, ili kamera ipige baada ya kidole chako kuiachia.