Mvi za usiku mmoja: Zakaria wa miaka 27 na harusi ya keshokutwa yake

SWALI: Shikamoo dada. Niko Dar, nina miaka 27, kwenye igizo letu la mkesha wa Krismasi nimepewa nicheze Zakaria, baba yake Yohana, kwahiyo natakiwa niwe mzee haswa. Nywele zangu ni kipilipili fupi kama sentimita mbili, ndevu ninazo kuanzia sharafa mpaka mzuzu. Mazoezi ya juzi walinipaka poda ya mtoto, wenzangu wakacheka wanasema nimetoka mashine ya kusaga, na jasho lilivyoanza ikawa michirizi mpaka shingoni. Kuna jamaa ananiambia niende saluni nikablichi yaishe, shida tarehe 26 mimi ni msimamizi wa bwana harusi na siwezi kusimama pale na mvi. Nitumie nini kinachotoka usiku huohuo? Na dada anayecheza Elisabeti amesuka rasta, yeye afanyweje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na huyo jamaa wa blichi maana ndo ananitisha kuliko hiyo poda. Blichi haipaki rangi, blichi inatoa rangi. Ile dawa wanayochanganya saluni ina peroksaidi, kawaida ya asilimia 6 mpaka 12, inaingia ndani ya unywele inakula melanini, yaani ule weusi uliozaliwa nao, na nywele nyeusi kama zetu hairuki kutoka nyeusi kwenda nyeupe moja kwa moja, inapita kwanza kwenye rangi ya kutu, inakuja chungwa, inakuja njano, kwahiyo ukiiwahisha kuitoa utapanda madhabahuni na kichwa cha msanii wa singeli sio cha kuhani. Ukiichelewesha inaunguza ngozi, na ngozi ya chini ya ndevu ni laini sana. Alafu hakuna shampuu ya kurudisha ulichotoa, itabidi upake piko tarehe 25, na piko nyingi nyeusi zina kemikali inaitwa PPD ambayo kuna watu inawavimbisha uso mpaka macho yanafunga, ndo maana tunasema ujaribishe tone nyuma ya sikio usubiri saa 48 kwanza. Saa 48 kati ya igizo na harusi wewe huna. Kwahiyo hapana, huyo jamaa mwambie asante.

Sasa poda. Poda ilikuangusha kwa sababu mbili, na ya kwanza hata sio poda yenyewe, ni mahali ilipopakwa. Mvi ni nywele, sio ngozi. Mtu akikupaka poda kwenye kichwa cha sentimita mbili nusu inakaa kwenye ngozi ya kichwa, na ngozi ikiwa nyeupe macho ya mtu hayaoni mzee, yanaona unga. Mtazame mzee yeyote mwenye kichwa cheupe, katikati ya nywele ngozi yake bado ni ya kahawia vilevile. Sababu ya pili ni kwamba weupe mtupu ukiuweka mwembamba juu ya kitu cheusi unageuka bluu, kama moshi wa sigara ukiwa mbele ya ukuta mweusi. Ndo ule ukijivu wa mfu unaouona kwenye maigizo mengi. Mvi halisi za watu wetu zina umanjano kidogo kwa mbali, hasa ndevu.

Kitu ninachotaka ununue ni rangi za kuchora watoto usoni, zile za kwenye bethidei wanazochorwa chui na kipepeo. Zile ni rangi za ngozi, zinakuja kama keki ngumu unalowanisha kwa brashi, zinashika zikikauka na zinatoka kwa maji na sabuni. Ukienda maduka ya vipodozi Kariakoo au yale yanayouza vitu vya sherehe ulizia hivohivo, rangi ya kuchora uso ya maji, nyeupe na njano na kahawia. Usije ukachukua rangi za maji za shule za kuchorea kwenye karatasi, hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Kama una mtu anayetoka nje ya nchi anaweza kukuletea krimu au rangi ya kupaka mvi ya watu wa tamthilia, kampuni za Ben Nye, Mehron na Kryolan zinatengeneza vitu hivyo, ni nzuri sana kwa jasho ila ile yenye mafuta haitoki kwa maji peke yake, kwenye kutoa ntakuelekeza.

Kabla hujapaka popote fikiria utavaa nini. Zakaria ni kuhani, yuko hekaluni anafukiza uvumba, lazima watakuvika kilemba. Sasa kilemba kinafunika utosi na paji na kisogo, kwahiyo unahangaika kupaka kichwa kizima ili iweje? Hiyo yote itaishia kwenye kitambaa, ikikutana na jasho inarudi usoni kama uji. Kichwani paka panja tu, hapa mbele ya masikio mpaka juu kidogo ya sikio, pamoja na kamstari kanakochungulia kisogoni. Kwa bahati nzuri wanaume wengi mvi huanzia hapohapo kwenye panja, kwahiyo hata kilemba kikiteleza bado unaaminika. Nguvu zako zote zipeleke kwenye ndevu na nyusi, na kumbuka malaika akishamaliza kuongea na wewe unakuwa bubu, watu watakuwa wanakusoma uso mpaka mtoto apewe jina.

Siku yenyewe osha ndevu na nywele kwa shampuu, kausha, na usiguse mafuta ya mgando wala mafuta ya ndevu, rangi ya maji haikai juu ya mafuta. Kwenye kisahani changanya nyeupe nyingi na njano kidogo sana na kahawia ncha ya njiti, mpaka upate rangi kama ya maziwa yaliyomwagikiwa chai. Utaona kama sio nyeupe ya kutosha, subiri, ikiwa juu ya ndevu nyeusi utaiona nyeupe. Chukua mswaki mpya, gusisha rangi, alafu ufute kwenye tishu mpaka uwe karibu mkavu. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanapaka na mswaki unaochuruzika. Mswaki ukiwa mkavu rangi inashika ncha za nywele tu, ngozi inabaki yako. Piga kinyume na ndevu zinavyolala, kutoka chini kwenda juu, alafu rudi kidogo kwa kulaza. Anza na mzuzu, hapo ndo pawe peupe kuliko kote, panda kwenye sharafa, na sharubu uziache kwa mwisho na uziguse kidogo tu kwa sababu kwa wazee wengi sharubu zinachelewa, zinabaki na weusi pale katikati chini ya pua. Zakaria alikuwa mzee sana kwahiyo sikatai ndevu kuwa nyeupe karibu zote, ila acha weusi mahali fulani, jicho likiona weusi pembeni linaamini weupe.

Panja za kipilipili zina raha yake. Lile sponji lenye matundu vinyozi wanalotumia kusokota vijana, chukua kipande kipya, ligusishe rangi, lifute, alafu gonga gonga juu juu bila kusugua. Vile vipilipili vinashika rangi kwenye migongo, chini kunabaki kweusi, na ukiangalia kwenye kioo utashtuka umemuona babu yako.

Nyusi tumia kibrashi cha maskara iliyoisha, kioshe kwa sabuni kwanza, na kiwe chako, usiazime cha mtu maana magonjwa ya macho yanahama hivohivo. Nywele tano sita kila upande zinatosha. Ukipaka nyusi nzima unakuwa katuni.

Ikishakauka piga spre ya kushikilia nywele kwa mbali, kama sentimita 30, macho na mdomo umefunga. Na hapa nakuomba unisikilize kama dada yako: spre hizo, pamoja na zile za makopo za rangi, zimejaa alkoholi na gesi ya aina moja na ile ya kupikia. Wewe umeniambia mkesha, mishumaa ipo, na Zakaria anafukiza uvumba, chetezo kina kaa la moto. Spre pigia nje, mapema, angalau nusu saa kabla, ikauke kabisa harufu iishe, na chetezo ukishike mbali na ndevu. Kama mna hofu acha spre kabisa, rangi ya maji peke yake itavumilia ukijifuta jasho kwa kubonyeza na leso, sio kusugua. Jasho la Desemba Dar tunalijua wote.

Utauliza kwani hayo makopo ya rangi ya fedha si rahisi zaidi, shwaa mara moja tayari. Rahisi ni kweli, lakini ile ya fedha ina vimetameta, taa ikikupiga unang'aa kama bati jipya. Kama ndo mliyonayo, tafuteni iliyoandikwa nyeupe au kijivu sio fedha, na pulizia kwenye mswaki kwanza ndo upake, usijipulizie usoni. Kuna pia nta za rangi za kwenye vikopo, vijana wanazipenda, ni nzuri kwa mwenye afro anayetaka kichwa kizima kiwe kijivu na inatoka kwa shampuu, ila inachafua kola ukitoka jasho na inapaka sawasawa mno, inakuwa kama kofia.

Vitu vya jikoni na vya fundi ujenzi msiguse. Mimi darasa la nne nilichezeshwa bibi, mwalimu akanipaka majivu ya kuni kichwani, tukacheza juani, na majivu ni magadi yanayosubiri maji tu, jasho lilivyoingia nilitoka jukwaani nalia kweli watu wakapiga makofi wakidhani naigiza. Chokaa ndo mbaya zaidi, inaunguza ngozi na ikiingia jichoni unaweza kupoteza jicho. Unga wa ngano na jasho unakuwa donge. Rangi nyeupe ya raba usifikirie hata. Na poda, kama itabidi kwa watoto wa kwaya wanaocheza wazee, chukueni ya wanga wa mahindi badala ya talki, talki ukiivuta puani sio kitu kizuri na mwaka 2024 wale wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Wingu la vumbi jeupe kwenye chumba kidogo kimejaa watoto silipendi.

Elisabeti sasa. Rasta zake msizipake chochote, sio poda sio nta sio spre, vitu vinaingia katikati ya msuko na kuosha havitoki, atabaki na kitu kama ukungu mpaka afumue. Na yeye atakuwa na mtandio si ndio? Basi kinachoonekana ni vidole vitatu vya nywele juu ya paji. Nunueni fungu moja la rasta za kijivu, zile zilizochanganywa nyeusi na nyeupe, msusi ampachikie vipande sita saba vifupi kwa uzi mweusi kwenye rasta za mbele na za pembeni ya masikio, vilale kuelekea nyuma chini ya mtandio. Usiku anakata uzi, kwisha. Hata uzi wa kufumia sweta wa kijivu unafanya kazi ukitazamwa kwa mbali.

Fanyeni jaribio siku tatu nne kabla, kwanza tone la rangi nyuma ya sikio kuangalia kama ngozi inakubali, alafu upakwe kabisa, mtu akae kiti cha nyuma kabisa kanisani na mwingine akupige picha ya simu kwa flashi. Wa nyuma atakwambia huonekani mzee, simu itakwambia umezidisha. Kama igizo linarushwa laivu isikilize simu, kama hakuna kamera msikilize wa nyuma. Na ukishapakwa usishike ndevu, najua wazee wa kwenye maigizo lazima wapapase ndevu, papasa hewani.

Kutoa. Rangi ya maji: maji ya uvuguvugu, shampuu, suuza, shampuu tena, na mswaki laini kwenye mashina ya mzuzu maana hapo ndo inajificha, nyusi futa kwa kitambaa chenye maji jicho limefungwa, maliza na kondishena. Kama ulipaka krimu ya mafuta usianze na maji hata kidogo, anza na mafuta ya nazi, yasugue dakika tano, futa kwa tishu mpaka tishu itoke safi, ndo ufuate na shampuu. Fanya usiku huohuo hata kama mkesha umeisha saa nane na macho yanafunga, ukilala nayo unaamka mto mweupe na macho yanawasha.

Tarehe 25 mchana vaa fulana nyeusi, simama karibu na dirisha, jikune ndevu kwa vidole kama dakika moja. Kikidondoka chochote kitaonekana kama mba kwenye suti, kwahiyo rudi bafuni.