Maswali ya Watunzi: Marehemu Anayemrudia Mpenzi Wake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu riwaya ya kutisha ya aina moja: mpenzi aliyesalitiwa anakufa, kisha anarudi kudai chake. Tumechagua tano.

*Nimefika ukurasa wa 80. Zuhura, marehemu wangu, ameshaua watu sita, lakini rafiki zangu wanaosoma hawaogopi. Wengine wanacheka. Nimekosea wapi? – Chipukizi, Morogoro*

Zuhura wako anaweza kila kitu. Anapita ukutani, anaua kwa kutazama, anatokea mchana na usiku. Msomaji akishajua kwamba yeyote atakayetakwa atapatikana, kazi inayombakia ni kuhesabu maiti.

Chukua karatasi moja uandike masharti yake: wapi hawezi kukanyaga, nani anamwona, anaweza kugusa nini, na kila akidhuru mtu anapoteza nini. Hilo la mwisho watunzi wengi hulisahau, nalo ndilo linalobeba riwaya ya kisasi. Tuseme kila kifo kinamsahaulisha jambo moja: kwanza sauti ya mchumba wake, halafu sura yake, halafu sababu ya kumchukia. Hapo kisasi kinatafuna yale mapenzi yaliyokizaa, na msomaji anamwogopa huku akimwonea huruma.

Masharti hayo yajulikane kabla theluthi ya kwanza ya kitabu haijaisha, na yasivunjwe. Ukisema katika sura ya 3 kwamba havuki kizingiti bila kuitwa, katika sura ya 14 usimkurupushe tu chumbani. Tafuta wa kumwita, pengine mtoto anayecheza mlangoni. Vifo navyo punguza. Kwa riwaya ya maneno 40,000 hadi 50,000, vitatu vinatosha: cha kwanza kidhaniwe ajali, cha pili kimtie mhusika mashaka, cha tatu msomaji akione kinakuja na asiweze kukizuia.

Kicheko kinatokana na macho mekundu, kucha ndefu na damu mdomoni. Futa vyote. Mweke mezani na wenzake, anakula kama wao, ila wali wake haupungui.

*Riwaya yangu inaanza na kifo cha msichana, halafu mapenzi nayaleta kwa kumbukumbu. Mwalimu wangu anataka yatangulie. Nimsikilize? – Msomaji, Mombasa*

Msikilize, ila usitangulize sura tano za ahadi na machozi. Mbili zinatosha, mradi ziwe na kitu cha kushikika. Chukua kanga. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyofanana pindo, mji na jina. Wapenzi wanaikata, wanaikunga, kila mmoja anachukua chake. Cha msichana kinadondokewa chai karibu na herufi ya mwisho ya jina. Msichana anafariki, nguo zake zinagawiwa. Miaka minane baadaye mwanamume ameshaoa. Mkewe anafungua kabati, anakuta doti nzima imekunjwa vizuri, na doa la chai bado bichi. Sura ikomee hapo, bila kelele wala radi.

Jina la kanga liwe la mapenzi, si la kisasi. Akilisoma mke mpya litageuka lenyewe. Na kanga hiyo isizuke siku ya kabati tu. Ipitishe mara mbili kabla, mbele ya macho ya msomaji, katika shughuli za kawaida kabisa, kwa mfano ikiwa imefunika hotipoti.

*Nimeandika marehemu wa Kiislamu akisukuma mfuniko wa sanduku kaburini. Msomaji mmoja wa Pangani amenicheka. Kwa nini? – Mtunzi, Dodoma*

Kwa sababu katika maziko ya Kiislamu jeneza ni la kubebea tu. Maiti huoshwa, huvikwa sanda, kwa kawaida vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, kisha hulazwa katika mwanandani, uchimbo wa pembeni ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia, akielekezwa kibla. Maziko hayacheleweshwi, mara nyingi ni siku ileile, na kwa desturi wanawake hawafuati jeneza. Kwa hiyo mchumba wako wa kike hawezi kujirusha juu ya kaburi wakati wa kufukia. Yuko nyumbani na wenzake.

Hapo pana utajiri ulioupita bila kuuona. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Mchumba hana eda. Aliyependa bila kuolewa hana siku zilizowekwa za kuomboleza, na wala hakuna wa kumpa pole. Kama unatafuta chanzo cha kisasi, anzia kwake.

Tumeona pia mwezi mwandamo wako ukimulika saa sita usiku. Hauwezi. Huonekana magharibi baada ya jua kutua, na haukawii kuzama. Ukitaka mbalamwezi ya usiku kucha tumia mwezi mpevu, lakini kumbuka kwamba unaleta bamvu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani ya Tanga hadi Dar es Salaam, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne. Basi nyayo zitoke baharini saa nne usiku, kwenye mchanga mtupu, zikija tu bila za kurudi. Kukipambazuka maji yameshazifuta, na shahidi wako hana cha kuonyesha.

*Marehemu wangu awe mzimu au jini mahaba? – M., Unguja*

Chagua mmoja. Kwa imani ya pwani jini ni kiumbe mwingine kabisa, hakuwahi kuwa binadamu, kwa hiyo hana usaliti wa kulipiza. Ukiwachanganya, masharti yote yanavurugika.

*Mwishoni marehemu wangu amuue msaliti kwa mikono yake? – Chipukizi, Kigoma*

Tusingeshauri. Tazama Wajapani walivyofanya katika Yotsuya Kaidan, tamthilia ya kabuki ya Tsuruya Nanboku IV iliyochezwa Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1825. Familia yenye mali inamtaka Iemon amwoe binti wa nyumba yao, nayo inampelekea mkewe, Oiwa, sumu kwa jina la dawa. Uso wake unaharibika. Akichana nywele zinatoka kwa mafungu. Anakufa. Usiku wa harusi Iemon anamtazama bibi harusi, anaona uso wa Oiwa, anachomoa upanga na kumkata kichwa. Kichwa kinapoanguka ni cha bibi harusi.

Usiku huo Oiwa hakushika silaha. Alibadilisha anachokiona Iemon, basi. Kwako wewe, orodhesha vitu vitatu ambavyo msaliti alimsaliti marehemu wako ili avipate, kisha andika sura tatu za mwisho, katika kila moja msaliti akiharibu kimoja kwa mkono wake mwenyewe. Sura ya mwisho kabisa isizidi kurasa nne, na marehemu wako asiseme neno.