Mama Hataki Kuwa Mgeni Jikoni mwa Mtu

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 76, na tangu baba afariki anaishi peke yake kule Ugenya. Mwaka huu aliteleza chooni usiku, akabaki sakafuni hadi alfajiri. Nina ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Mamboleo, Kisumu, ambapo ninapanga kujenga nyumba ya ghorofa, naye nimpe chumba cha juu apate upepo wa ziwa. Amekataa kabisa. Anasema hawezi kuwa mgeni jikoni mwa mtu, ingawa mke wangu na watoto wetu wanampenda sana. Nifanyeje? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, kwa yaliyompata mama. Nakuomba usiyachukue maneno yake kuwa ukaidi, kwa sababu amekwisha kukueleza nyumba anayoihitaji. Mtu ambaye miaka yote ameamua mwenyewe ni lini aweke omena motoni na ni nani akaribishwe chai, ukimhamishia katika chumba cha juu cha nyumba ya mwanawe, utakuwa umemwondolea hatari moja na kumnyang'anya mamlaka yake yote. Isitoshe, unajua kwamba wazee wengi wa Kijaluo hawaoni vyema kulala chini ya paa la mtoto wao aliyeoa.

Mjengee nyumba yake ndogo chini, katika ploti hiyohiyo: chumba chake cha kulala, chumba cha pili, jiko, bafu lenye choo cha kukalia, na mlango wa mbele ambao ufunguo wake anao yeye. Kati ya nyumba hizo mbili weka baraza pana lenye paa, mahali ambapo watoto watafanyia kazi za shule naye akichambua mboga, na ambapo mkeo atapita akielekea kuanika nguo. Watu wakionana mara kwa mara bila kuitana, hakuna anayejihisi kuwa mzigo.

Bafu ndilo litakalokugharimu fikira nyingi zaidi, na hapo usikubali fundi akuharakishe. Vigae viwe vya kukwaruza, visiwe vile vinavyong'aa dukani, na pasiwe na kizingiti wala ukuta mfupi wa kuruka ili kuoga. Mlango ufunguke kwa nje, kwa maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaouziba na wa kumwokoa hapati pa kuingilia. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi, na vyuma vya kushikilia vifungwe katika ukuta imara, si juu ya vigae tu. Mweleze fundi jambo hili kabla hajapiga plasta. Tia pia kengele isiyotumia waya, na kitufe kimoja ukiweke karibu na sakafu, kwa sababu aliyeanguka hafikii kilicho juu.

Milango yote iwe na upana wa sentimita 90, hata kama leo anatembea kwa fimbo tu. Mamboleo ni mteremko, kwa hiyo huenda baraza likainuka; kwa kila sentimita 10 za kimo, njia ya kupandia isiyo na ngazi iwe na urefu wa sentimita 120, ikiwa na reli pande zote mbili. Nje mwinulie kitalu kinachomfika kiunoni, apande dek (mgagani) na osuga (mnavu) bila kuinama.

Kuhusu wajukuu, chumba kile cha pili ni chao. Jamii yenu ilikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo wasichana walilala na kusimuliwa hadithi, na sioni mpango wa kisasa unaoushinda huo. Katika mji wa Deventer nchini Uholanzi, makao ya wazee ya Humanitas huwapa wanafunzi vyumba bila kodi, nao kwa kubadilishana huwa majirani wema kwa wazee kwa saa 30 kila mwezi. Wewe hao majirani umewazaa. Ila mjukuu asipewe kazi ya kumlinda. Alale pale kwa kuwa nyanya amemkaribisha, na nyanya awe na haki ya kumrudisha kwenu akitaka kupumzika.

Ikiwa anapokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ziache mkononi mwake. Nyumba ya Ugenya pia usiifunge, awe akienda na kurudi.

Kabla ya kupeleka ramani kaunti ili ipitishwe, mlete kwenye ploti. Chora vyumba ardhini kwa chokaa, umpe fimbo yake, kisha utembee nyuma yake akitoka kitandani kwenda chooni. Pale atakaponyoosha mkono kutafuta pa kushika, weka alama.